Mzee Aliyewakataa Wakwe kwa Simu

Zamani mwanaume aliyetaka mke alitafuta kwanza mtu wa kumsemea. Siku hizi anatafuta kwanza mahali penye rezo ya simu.

Nizeyimana alikuwa mtu wa kusemea wengine. Alizaliwa vilimani Masisi, katika familia ya wafugaji, na shule aliionja mwaka mmoja tu. Kusoma alijifunza mwenyewe, kwa katekisimu iliyokosa jalada na kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa sabuni. Lakini kilichompa jina si kusoma, ni ulimi. Posa ilipokuja, kila ukoo ulimweka mzee wake mbele, na wazee hao wawili wakashindana kwa maneno juu ya pombe ya mtama hadi jua lipungue. Desturi ilitaka upande wa msichana ukatae kwanza: hapa hakuna msichana, aliyekuwepo tulikwisha kumtoa. Mgeni mwenye akili hakuondoka. Alicheka, akaketi vizuri zaidi, akataja ng'ombe, mababu na methali, mpaka wenyeji wakalainika. Aliyekubaliwa upesi alirudi kwao na wasiwasi, akijiuliza msichana ana kasoro gani.

Vita vilimshusha Nizeyimana kutoka Masisi hadi kambi ya wakimbizi ya Mugunga, kisha hadi mtaa wa Mapendo mjini Goma, katika nyumba ya mbao ya Clotilde, mjane wa mwanawe. Huko kazi yake ilikufa polepole. Vijana walikodi msemaji mwenye maikrofoni, au walianza kuishi pamoja bila kumuuliza mtu. Akabaki na mjukuu mmoja wa kumsemea, Fabiola, aliyesoma chuo kikuu. Siku yake aliingoja kama mkulima anavyongoja mavuno ya mwisho.

Siku hiyo ilikuja kupitia simu. Mchumba, Moïse, alikuwa wa mji wa Kiwanja, na kwao hakubaki mzee hata mmoja. Kaka yake, Jean de Dieu, mwuza maharagwe, alifungua kikundi cha WhatsApp cha familia mbili. Nizeyimana hakuwa na simu ya namna hiyo. Clotilde ndiye aliyemsomea.

"Bjr papa. 2takuya smd pr dmndr mutoto. Cv?"

"Hiyo ni lugha gani?" mzee aliuliza.

"Banasema bonjour, papa. Batakuya samedi kumuomba mutoto. Banauliza kama inafaa."

Fabiola alicheka. "Sogokuru, usizarau. Prof wetu anasema kufumbua maneno ya kukatwa kunaongeza akili. Ubongo unajaza yale hayapo."

"Kuku pia anaokota mbegu moja moja," babu yake alisema. "Umeona wapi kuku akiitwa mulimaji?"

"Na weye, bila mama kukusomea, si ungekufa kiziwi?"

"Afadhali kiziwi kuliko mutu anayekula maneno kabla hayajaiva."

Kisha akamwambia atoke, kwa maana bibi harusi hasikilizi maneno ya posa yake. Akamwagiza Clotilde aandike, na asikate herufi hata moja: "Msichana mnayemtafuta hayupo hapa. Tulikwisha kumtoa kwa watu wengine. Rudini kwenu kwa amani."

Clotilde alisita. "Papa, tungoje samedi. Bakuwe hapa, baone uso wako."

"Wameomba kwa simu, wajibiwe kwa simu. Andika."

Akaandika. Jibu lilikuja mara: "Ok. Mrc papa." Kisha Jean de Dieu akajitoa kwenye kikundi.

Nizeyimana alifurahi sana. "Anajifanya amekasirika," alisema. "Huyu kijana amefundishwa. Samedi itakuwa nzuri."

Jumamosi, samedi yenyewe, mabenchi yaliazimwa kanisani, pombe ikachujwa, na mzee akavaa koti lake la sherehe. Mchana ukapita. Majirani walikunywa kidogo, wakaaga. Jioni Fabiola alimpigia Moïse akakuta amemfungia namba. Alipompata kwa simu ya rafiki, aliambiwa ajitakie heri na mume wake huyo mwingine.

Akaja mbele ya babu yake, hana machozi. "Sogokuru, uliandika nini?"

Akamweleza.

"Lakini walipaswa kukaa!" mzee alisema. "Mutu mwenye akili haondoki, anakatalia hapo hapo!"

"Bakae wapi? Ndani ya simu? Banasoma kile kimeandikwa!"

"Neno la kukatwa wanalijaza. Neno zima limewashinda."

Clotilde, aliyekuwa akikunja vitambaa vya meza, alisema bila kumtazama: "Na weye, papa, ulijua kule hakuna muzee. Ile maneno ulimutupia nani? Akili gani ile?"

Mzee aliyatazama mabenchi matupu. Katika miaka yake yote ya kusema, hakuwahi kukosa mtu wa upande wa pili.

Jumatatu Fabiola alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kiwanja, akajieleza mwenyewe kwa mdomo wake, jambo ambalo msichana wa Masisi hakulifanya. Walimwamini. Lakini Jean de Dieu alisema hawezi kwenda Goma kukataliwa mara ya pili. Fabiola na Moïse wakaandikishwa ndoa ofisini, na hakuna aliyemsemea mtu.

Baada ya wiki chache mume na mke walikuja Mapendo kuchukua nguo za Fabiola. Mwenye moto alingoja nje, injini ikiwaka. Fabiola alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee.

"Sogokuru, tunaenda. Sema wazi: unatubariki ao hapana?"

Baraka aliyoijua yeye ilianzia kwenye vilima, ikapita kwa ng'ombe wa babu wa babu yake, na jina la binti likaja karibu na mwisho. Hakujua njia nyingine ya kufika. Akajikohoza, akaanza na vilima. Moïse alisikiliza kwa heshima, ameinamisha kichwa, kisha akatazama simu. Honi ikalia mara mbili. Mzee alikuwa hajafika kwa ng'ombe.

"Inatosha, Sogokuru. Tumesikia," Fabiola alisema, akamgusa mkono.

Wakapanda wote wawili nyuma ya dereva, begi katikati yao. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, bado anasema, moto ilipokata kona kuelekea njia ya Kiwanja. Hakuwaona tena.