Nilivyomchagulia mjomba smart trainer ya bei poa, mtaa mzima ukaleta visu

Wakuu, wazee wa humu ndani shikamoo zenu nimeziweka mlangoni, kila mtu achukue yake. Vijana wenzangu, mambo.

Kisa hiki ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, mwalimu wa zamu anipangie kuosha vyoo mpaka nimalize form four.

Nina mjomba hapa Kilwa Masoko, anaitwa Seifu, mnunuzi wa ufuta. Tumbo linatangulia kuingia dukani, yeye anafuata. Juzi kati kapimwa presha, daktari akamwambia, "Mzee, endesha baiskeli kila siku, la sivyo tutakubeba."

Baiskeli anayo. Tatizo heshima.

Mjomba ana gari. Na huku kwetu mwenye gari akionekana juu ya baiskeli asubuhi, adhuhuri habari imeshafika Kivinje kwamba kafilisika.

Akaniita pembeni. "Mpwa wangu, wewe si mtu wa mitandao? Nitafutie kitu cha kuendeshea ndani, asinione mtu. Presha ikishuka, baiskeli yako."

Wakuu, shule naenda kwa miguu. Nilizama kwenye review kuliko nilivyowahi kuzama kwenye Biology.

Nilichoelewa, kitu chenyewe kinaitwa smart trainer, mashine ya kufungia baiskeli ukanyage bila kwenda popote, na zipo aina mbili. Direct drive unavua gurudumu la nyuma, mnyororo unakaa kwenye mashine yenyewe. Kimya kabisa, ila bei yake ni ya kuuza ufuta wote na shamba. Wheel-on gurudumu linabaki, roller ya chuma inalibana kwa nyuma. Bei poa. Zote zinaongea na simu kwa bluetooth, mlima ukitokea kwenye app mashine inakaza yenyewe.

Review zote zilionya: wheel-on ina kelele, nunua na tairi laini. Baiskeli ya mjomba tairi zake zina meno kama trekta. Nikasema kelele kitu gani, sisi tumekulia jirani na mashine ya kusaga, nikaagiza wheel-on bila tairi laini.

Hapo ndipo nilipochemka.

Mzigo ukashushwa Nangurukuru. Konda akaunyanyua, akauliza, "Dogo, hii mbuzi ya nazi ya umeme?" Nikamwambia ndiyo. Siri ya familia.

Tukaufunga chumba cha uani. Baada ya sala ya alfajiri mjomba kakunja msuli mpaka magotini, kapanda. Kwenye simu yuko milima ya theluji huko Ulaya, chumbani jasho linafika mlangoni.

Mara mzungu mmoja wa kwenye app akampita.

"Umemwona huyu? Kanipita hata salamu hakuna!"

"Mjomba, hakuoni."

"Mbona mimi namwona?"

Akakanyaga mpaka akamkamata. Alipompita akapaza sauti, "Assalaam aleikum!" Eti amfundishe adabu.

Sasa ile kelele. Meno ya tairi juu ya chuma: ngrrrrrr! Sawasawa na mtu anayenoa panga. Na Idd kubwa ilibaki siku tatu.

Hodi. Jirani yetu Bi Zuhura, mkononi visu viwili na panga. Kachungulia, kaona baiskeli imenyanyuliwa, mjomba anakanyaga na haendi popote. Wakuu, hapa kwetu baiskeli ya namna hiyo ina kazi moja tu.

"Ee Seifu mwanangu! Kumbe hali imekuwa hivyo na hutuambii? Ufuta ndio umekutupa?"

Mjomba akanitazama. Akieleza, mtaa utajua ana presha na amehamia kwenye baiskeli. Akinyamaza, yeye ni mnoa visu.

"Viache hapo, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Aliyevinoa ni mimi, kwa mkono, kwenye jiwe la uani.

Kesho yake foleni. Watu wa hapa wana huruma sana, hasa ile ya kumsaidia aliyefilisika huku wakimkagua vizuri. Mzee mmoja kaleta shoka. Mwingine kaleta kisu cha kuchinjia, na dua juu yake, riziki ya Seifu irudi.

Mjomba akapokea dua, akaitikia amina. Kisha akaifungua baiskeli kutoka kwenye trainer.

"Nilichokuwa naogopa si kimeshatokea? Sasa najificha nini?"

Akatoka nayo barabarani, peupe, na msuli wake, mpaka Singino na kurudi.

Siku hizi ni kila asubuhi. Presha imeshuka. Akipita kwa Bi Zuhura anaitwa, "Mnoa visu, leo huna kazi?" Yeye anampigia kengele, anakata kona.

Nikamkumbusha ahadi.

"Imeshuka kwa sababu ya hii baiskeli," akasema. "Nikikupa, inapanda tena. Wewe chukua trainer, si uliichagua mwenyewe?"

Kwa hiyo wakuu, mimi ni mwanafunzi pekee Kilwa mwenye smart trainer na asiye na baiskeli. Shule bado kwa miguu. Na visu bado vinakuja, sasa vinaniulizia mimi kwa jina.

Nilichojifunza: review ikisema kelele, usiibishie kwa sababu ya bei. Na unachokificha ndani, tafuta chenye kukaa kimya.

Wenye direct drive semeni ukweli, majirani zenu wanawaletea nini? Wa kucheka pia karibuni, ila kila mtu aje na kisu chake. Jiwe lipo.