Nyayo Katika Jivu la Koko

Nilipokuwa mtoto, mchana wa mwisho wa kawaida katika maisha yangu ni ule nilioketi sakafuni, miguu nimeikunja, nikimsikiliza Koko akisimulia habari za Banyuma. Koko ni bibi yetu. Tulikuwa Louisville, Amerika, katika nyumba za kupanga ambako nusu ya milango ilikuwa ya watu wa kwetu, Wakongo wa milima ya Kivu Kusini. Wazazi walifanya kazi kwenye maghala na viwandani hata mwisho wa juma, kwa hiyo watoto wa jengo zima waliachiwa Koko, naye hakuwa na njia nyingine ya kututuliza isipokuwa hadithi. Hadithi ilipokwisha wenzangu waliinuka wakakimbia nje. Mimi goti la kulia lilikataa.

Miezi iliyofuata nitaipita haraka. Ilikuwa saratani ya mfupa, juu kidogo ya goti. Madaktari wa Louisville walitutuma Columbus, kwa daktari aliyependekeza upasuaji ambao mama aliomba aelezwe tena na tena kabla ya kuukubali. Sehemu yenye goti ingeondolewa. Sehemu ya chini, muundi pamoja na unyayo, ingepandishwa na kuunganishwa na paja, ila ikiwa imegeuzwa: kisigino mbele, vidole nyuma. Kwa njia hiyo kifundo cha mguu kingefanya kazi ya goti, na unyayo wangu ungeingia ndani ya mguu bandia na kuuendesha. Nilisoma biolojia chuo kikuu, na mpaka leo sijui mpango mzuri zaidi wa kumrudishia mtoto mwendo wake. Lakini nilirudi nyumbani na vidole vinavyotazama nyuma, katika jengo ambalo kila mtoto alikuwa ameshaambiwa, na bibi yangu mwenyewe, ni nani wenye miguu ya namna hiyo.

Banyuma, kwa maelezo ya Koko, wanakaa milimani, mahali chemchemi inapotoka kwenye mwamba. Wanafanana na watu, wanavaa kitenge kirefu, wanayajua majina yetu. Miguu yao tu ndiyo imegeuka. Mtu aliyepotea kwenye ukungu akifuata nyayo zao, hafiki kijijini. Zinampeleka walikotoka wao, ndani ya mwamba. Kwa sababu hiyo, mgeni alipobisha wakati wa ukungu, watu wa kwa kina Koko walimwaga jivu mlangoni wakamwambia aingie peku. Nyayo zikionyesha kuingia, huyo ni mtu, na ni mwiko kumnyima chakula. Zikionyesha kutoka... Koko hakuwahi kuimaliza sentensi hiyo.

Siku ya kwanza nilipotoka nje na magongo, Espe alikuwa amekaa ngazini. Alikuwa binti wa majirani wa ghorofa ya juu, mkubwa kwangu kidogo, na watoto wote walimtii.

"Fidele," aliniita, "uko naenda ao uko narudi?"

Walicheka. Kisha waliacha kucheka, wakasogea nyuma, mmoja baada ya mwingine. Kicheko ningekivumilia. Kule kusogea ndiko kulikoniumiza.

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa tofauti sana. Koko alinipikia, aliniombea kwa sauti hadi majirani wakajua jina langu la ubatizo. Lakini kila mama alipofungua bandeji, Koko alikumbuka chungu jikoni. Hakuugusa mguu ule hata mara moja. Niliona, naye alijua kwamba nimeona, na hatukulizungumza.

Kwa hiyo mguu bandia ulipokuwa tayari niliukataa. Kule kwa fundi aliyeutengeneza niliweza kutembea, nikishikilia vyuma pande zote mbili. Alinifundisha vizuri: sukuma vidole chini, goti linanyooka, vivute juu, goti linakunjika. Ilikuwa kama kujifunza kuandika kwa mkono mwingine. Nyumbani nilikuwa nauegemeza nyuma ya mlango wa chumba na kuuacha hapo. Kwenye magongo, suruali ikiwa imebanwa kwa pini, hakuna aliyeweza kujua vidole vyangu vinatazama wapi. Fundi alikuwa ametuonya waziwazi: kifundo kisipotumika kitakakamaa, na nafasi hiyo haitarudi. Mama alilia. Baba alinunua viatu vipya, pea nzima, akaviweka kando ya mguu ule. Hata hivyo sikuuvaa.

Jumamosi moja alasiri, Espe alimpigia kelele mdogo wake asipite karibu na mlango wetu. Angekanyaga nilipokanyaga mimi, alisema, na kupotelea kwenye mwamba. Koko alikuwa jikoni, dirisha wazi. Nilisikia mwiko ukiwekwa chini. Alitoka nyuma, penye jiko la mkaa tulilochomea nyama, akarudi na sufuria ya jivu.

"Mama, hapa ni Amerika," mama alimwambia. "Meneja ataona ile buchafu."

"Meneja naye apite hapo. Tutajua iko mutu ya namna gani."

Aliumwagia mlango mzima jivu lile, akalisawazisha kwa kiganja, polepole, kama anayetandika kitanda. Kisha akapaza sauti.

"Espe! Kuya huku na benzako bote. Ni miye nilibaambiaka habari ya Banyuma. Leo mutaona na macho."

Walikuja. Hakuna mtoto wa kwetu ambaye angekosa jambo kama lile. Koko akanigeukia.

"Fidele, vaa ule muguu. Pita mulango ya nyuma, zunguka, ingia hapa. Peku."

"Koko, nitaanguka."

"Bon, ukianguka utaamuka. Vaa."

Niliuvaa. Mikono yangu ilikuwa na jasho na kamba zilikuwa zikiteleza. Kwenye mlango wa nyuma aliyachukua magongo yangu akabaki nayo. Nilizunguka jengo nikiushika ukuta, na ukuta ulipoisha nilikuwa na uwanja mdogo wa nyasi na njia ya saruji mbele yangu, na watoto wamepanga mstari kana kwamba kuna harusi. Sukuma, simama, vuta, peleka mbele. Nilitembea vibaya, lakini sikusimama. Nilipofika mlangoni niliweka mguu wa kushoto ndani ya jivu, kisha ule wa kulia, kisha nikashika fremu ya mlango na kuingia.

Koko aliinama. Alikuwa ameshika tena mwiko wake wa jikoni, nao ulikuwa ukitetemeka. Mguu bandia wa mtoto hutengenezwa ukiwa na unyayo wa mpira, wenye vidole vilivyochongwa, na kwenye jivu palikuwa na nyayo mbili, mmoja wa nyama na mmoja wa mpira, zote zikielekea jikoni kwetu.

"Huyu anaingia," Koko alisema.

Espe hakuwa mtoto wa kushindwa mara moja.

"Ile ya mpira ni sawa, Koko. Na ile ya ndani?"

Mama alitaka kumfukuza, Koko akamzuia kwa mkono. Aliniambia niketi kwenye kochi na nivue. Nilifungua kamba, nikavuta soksi, na unyayo wangu ukatoka mbele ya watu wote, umelowa jasho, vidole vikitazama mto wa kochi. Koko alipiga magoti. Aliufuta kwa ncha ya kitenge chake, akauweka kwenye kiganja.

"Sukuma."

Nilisukuma.

"Na nguvu! Unasukuma kama muzee."

Nilisukuma hadi akayumba, akacheka, akashika meza asianguke.

"Umeona, Espe? Hii haikanyagi. Iko nafanya kazi. Ulisikiaka wapi munyuma anafanya kazi?"

Watoto walicheka, na safari hii hawakurudi nyuma. Espe alinyoosha kidole kimoja akagusa kisigino changu. "Iko na moto," alisema, kama aliyetarajia baridi ya mwamba. Halafu Koko akaleta bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sahani moja kubwa, kwa kuwa sheria ya jivu ni hiyo, na waliokuwa mashahidi walitakiwa kula pamoja nami.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama ujanja wa bibi. Mke wangu ndiye aliyenisahihisha. Tuliishi Columbus, karibu na barabara ya Morse Road. Alikuwa akitunza wazee, na jioni alipenda kuupakata mguu huo mapajani huku akinisimulia siku yake. "Si ujanja," aliniambia. "Mwiko ulitetemeka." Alikuwa sahihi. Koko hakuwa ameuangalia mguu bandia hata siku moja. Hakujua kwamba una vidole, wala vinatazama wapi. Alimwaga jivu bila kujua jibu. Aliliamini lile jivu, na bado aliniita nipite juu yake mbele ya watu, kwa sababu kutoniita kungekuwa ni kunikataa.

Mke wangu amezikwa Columbus. Mimi nimehamia Buffalo, mtaa wa Riverside, na mguu huu hauna wa kuupakata. Kliniki ya hapa wakati mwingine huniomba nizungumze na watoto wanaosubiri upasuaji kama wangu. Naanza na mazoezi, kwa kuwa ndiyo yatakayowasaidia. Mtoto wa kwetu akiniuliza kwa sauti ya chini kuhusu Banyuma, simwambii kwamba hawapo. Namwambia kwamba bibi yangu aliwaogopa sana, na kwamba aliushika mguu wangu.

Siku ile Koko alikataza jivu lisifagiliwe. Kwa desturi ya kwao linalala mpaka kuche. Asubuhi iliyofuata, kabla hajaamka, niliuvaa mguu bila kuambiwa na mtu. Anayetembea kwa magongo hawezi kufagia, mikono yake yote miwili ina kazi. Nilichukua ufagio, nikasimama mlangoni, nikafagia mpaka saruji ikaonekana.