Geti la Kilomita ya Thelathini na Tatu

Phindiwe hakuwa mtu wa mbio. Tuelewane hapo mapema, asije mtu akadai alizaliwa na miguu ya swala. Alikuwa na miaka thelathini na nane, kiuno kilichoshiba makande, na kazi ya kujaza petroli katika kituo kimoja cha East London, ambako safari ndefu kuliko zote ni kutoka pampu ya kwanza hadi ya sita. Mara ya mwisho kutimua mbio alikuwa akimfukuza mbwa aliyemnyakulia soseji, na mbwa ndiye aliyeshinda.

Siku moja ya mwezi wa saba alikuwa akifuta kioo cha gari, mteja akamtolea karatasi dirishani. Alikuwa mzee mwembamba, miguu kama njiti za mwavuli.

"Chukua, mama. Marathoni ya mwezi wa pili. Njoo ukimbie na sisi."

"Nikimbie nini, baba? Nimekosana na nani?"

Mzee akacheka. Phindiwe akaitazama ile karatasi kwa adabu tu, kama unavyotazama picha za harusi ya mtu usiyemjua. Kulikuwa na ramani yenye mstari mwekundu. Akaufuata kwa ukucha: pwani, daraja, barabara kuu, kisha mitaa ya Mdantsane. Ukucha ukapita kiwanda cha mawe ya makaburi, ukakata kushoto kwenye kanisa, ukasimama. Mstari ule ulipita katika mtaa wa MaTolo, mbele kabisa ya geti la MaTolo.

MaTolo alikuwa mama mkwe wake. Lizo, mume wa Phindiwe, alipofariki, MaTolo alimvika mkwewe nguo nyeusi za eda kwa mkono wake mwenyewe, na ni mkono huohuo uliopaswa kumvua baada ya mwaka. Mwezi wa tano wa eda hiyo ikapatikana kazi ya petroli. Msimamizi akasema sare ni njano na nyekundu, anayeitaka aivae leo, asiyeitaka yupo mwingine nje. Phindiwe akavua nguo nyeusi, akazitundika nyuma ya mlango, akavaa njano. Kufikia mchana habari ilikuwa imeshafika Mdantsane.

"Amevua eda ya mwanangu kabla sijamvua mimi," MaTolo alisema. "Asikanyage getini kwangu."

Na huko getini, ndani, alikuwako Olwethu, binti yao, aliyepelekwa kwa bibi yake wakati wa likizo akiwa na miaka minne. Likizo hiyo sasa ilikuwa na miaka saba.

Phindiwe alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza pazia lilitikisika, mlango haukufunguliwa. Mara ya pili majirani walitoka wakasimama, wakamtazama tu mpaka akaondoka. Nguo alizomtumia mtoto zilirudi katika mfuko uleule, zimekunjwa vizuri kuliko alivyozikunja yeye. Wenzake wa kituoni walimwambia aende kwa hakimu. Lakini kusimama kortini kushitakiana na mwanamke aliyekufundisha kupika, akakufunga kitambaa cha kichwa cha mke wa nyumba siku ya harusi! Hakuweza. Akabaki kumkuza Olwethu kwa kukisia. Kila mwaka alichagua mtoto wa shule anayepita mbele ya pampu, wa darasa lileile, akampima kwa macho: sasa ananifika kifuani, sasa meno ya mbele yameota. Mwaka ule alikuwa amemchagua msichana mrefu mwenye sweta la kijani.

Akamgeukia yule mzee. "Baba, siku ya mbio barabara inakuwa ya nani?"

"Ya wakimbiaji. Inafungwa."

"Na mtu akikwambia usipite mbele ya nyumba yake?"

"Siku hiyo hata waziri anasubiri pembeni na king'ora chake. Ukiwa na namba kifuani unapita, nani akuzuie?"

"Hiyo namba inapatikana wapi?"

Yule mzee ndiye Baba Mpinga, mstaafu wa reli, na sasa dereva wa basi. Usiniulize basi la aina gani: lina miguu themanini na halina tairi hata moja. Wakimbiaji wa polepole hujikusanya nyuma ya mtu mmoja anayejua saa, akikimbia wanakimbia, akitembea wanatembea, na njia nzima wanaimba. Huyo ndiye dereva, na hao ni abiria. Huko kwetu watu wengi wamemaliza marathoni ndani ya basi ambao peke yao wasingefika hata sokoni.

Jumanne ya kwanza ya mazoezi Phindiwe alikimbia nguzo mbili za umeme. Ya tatu aliikumbatia.

"Mama!" Baba Mpinga akapaza sauti. "Hebu iachie hiyo nguzo, ina mke wake!"

"Baba, nakufa."

"Anayekufa hasemi. Tunatembea nguzo moja, tunakimbia tatu. Haya, abiria!"

Bulelwa, msusi wa nywele mwenye ulimi mkali, alikuwa akikimbia ubavuni pake. "Dada, unapumua kama cherehani. Na hivyo viatu, umekuja kukimbia au kujenga?"

Phindiwe alikuwa amevaa buti za kazini. Wiki iliyofuata Bulelwa akamletea viatu vyake vya zamani, vikubwa kwa namba moja, vikavaliwa na soksi mbili. Ndivyo alivyoanza. Nguzo tatu zikawa kumi, kumi zikawa hazihesabiki. Kucha mbili za miguu zikawa nyeusi, moja ikaaga kabisa. Kwapa zikachunika mpaka alipofundishwa kujipaka mafuta ya mgando, akapaka mengi siku hiyo hata sidiria ikawa inateleza. Kituoni alianza kukimbia kati ya pampu na pampu, wateja wakasema huyu mama ana bidii, apandishwe cheo. Hakupandishwa. Sisi wengine tuliomwona akipanda kile kilima cha Duncan Village, uso umevimba kama andazi, tulicheka sana, sikatai. Tulipoacha kucheka yeye alikuwa bado anapanda.

Hakumwambia mtu sababu. Jumapili za mbio ndefu, wengine waliimba, yeye alikuwa na maswali yake ambayo hayakuisha na kilomita. Analala upande gani? Bado anaogopa ngurumo? Akiambiwa habari za mama yake, anaambiwa nini? Siku hizo alitamani hata jambo dogo tu, kumsikia akikohoa chumba cha pili.

Ukafika mwezi wa kwanza, siku ya kujaza fomu. Bulelwa ndiye aliyekuwa akiandika.

"Jina la kuchapwa kwenye namba? Ili watu wa barabarani wakuite."

"Nosakhele."

Kalamu ikasimama. "Nani huyo?"

"Mimi."

"Tangu lini? Miezi yote hii nimekuwa nikimkimbiza nani, pacha?"

"Tangu niolewe. Ni jina nililopewa na mama mkwe. Mle ndani hawanijui kwa jingine." Na ndipo akaeleza: nguo nyeusi, geti, mtoto, mstari mwekundu. Jina lile alikuwa ameapa kutolitumia tena, lilikuwa la nyumba iliyomfungia mlango. Lakini Olwethu alilisikia tangu tumboni. Ukimtajia Phindiwe, mtoto asingejua ni nani.

Bulelwa akaliandika, herufi kwa herufi. Baba Mpinga akakuna kidevu.

"Basi langu halisimami getini kwa mtu, mama. Nikisimama, abiria arobaini wamepoteza medali."

"Sijaomba usimame. Mimi mwenyewe sisimami. Nikisimama nimekuwa mtu wa kufukuzwa tena. Nikipita, napita kama watu wote."

Mbio zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kwetu ni siku ya mazishi. Wiki nzima Phindiwe aliomba asife mtu yeyote katika mtaa ule, hasa wazee, maana MaTolo hakosi msiba, na mtoto humbebea kiti. Nadhani Mungu hajapata kuombwa afya ya majirani kwa juhudi namna ile.

Saa kumi na mbili asubuhi bunduki ikalia pwani. Walikuwa na saa sita, mpaka saa sita mchana, kufika uwanjani Mdantsane. Baada ya hapo hakuna medali. Basi likaondoka kwa wimbo, vumbi la miguu, na utani wa Baba Mpinga: "Abiria, tikiti mkononi! Asiye na tikiti aimbe!" Kilomita kumi, kumi na tano, ishirini. Phindiwe aliimba. Jua likapanda juu ya barabara kuu, lami ikaanza kupumua joto, naye bado akaimba, ingawa kwa midomo tu.

Kwenye kilomita ya ishirini na saba msuli wa mguu ulimkamata kama mtego. Akapiga kelele, akaanguka kwa magoti. Bulelwa akageuka.

"Nenda!" Phindiwe akamwambia. "Ukirudi nitakutukana mbele ya watu!"

Basi likaenda. Alisikia wimbo ukipungua, ukawa wa mtaa wa pili, kisha ukawa kama redio ya jirani, kisha hakuna. Akaukanda mguu, akasimama, akachechemea. Nguzo moja. Nyingine.

Muda si mrefu akasikia injini nyuma yake. Lilikuwa gari la kuzoa waliochelewa. Dereva, kijana mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, akatoa kichwa.

"Mama, panda. Kuna viti laini, kuna na soda baridi."

"Bado."

"Mguu wako unasema ndiyo, wewe unasema bado. Nimsikilize nani?"

"Nisikilize mimi. Mguu hauna mtoto."

Kijana hakuelewa, lakini alipunguza mwendo. Wakaenda hivyo, mwanamke mbele, gari nyuma likinguruma kama paka. Kiwanda cha mawe ya makaburi. Kanisa. Wakakata kushoto, saa tano kasorobo.

Watu wa mtaa walikuwa wameanza kukunja viti, wakimbiaji walikwishapita. Mbele ya geti la buluu, MaTolo alikuwa bado ameketi, blanketi magotini licha ya jua. Na ukingoni mwa barabara alisimama msichana na sinia ya vipande vya machungwa.

Alikuwa mfupi. Hilo ndilo lililomchoma Phindiwe kwanza: alikuwa amemkuza kupita kiasi. Yule wa sweta la kijani alikuwa mrefu kuliko huyu kwa kichwa kizima. Huyu alikuwa na mabega ya Lizo na goti lenye kidonda, na hakuna aliyemwambia mama yake kuhusu goti.

Msichana akasoma namba, kama alivyowasomea wote asubuhi ile, akapaza sauti, "Jikaze, Nosakhele! Twende, mama Nosakhele!"

Kisha akasikia alichokisema. Sinia ikainama, machungwa mawili yakaanguka. Akamtazama bibi yake.

Phindiwe hakusimama. Alikuwa akienda mwendo wa kobe, lakini alikuwa akienda. Alinyoosha mkono, akachukua kipande kimoja cha chungwa. Vidole vya mtoto vilikuwa vinanata.

Mtaa mzima ukangoja. MaTolo hakumtazama mkimbiaji. Alimtazama mjukuu wake, akazungumza naye kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya nne.

"Olwethu, mpe huyo mtu na maji. Muulize siku hizi anatembea kichwa wazi?"

"Bibi anauliza..."

"Nimesikia, mwanangu. Mwambie bibi kofia ilidondoka kwenye daraja. Mwambie namshukuru kwa maji."

"Bibi, anasema kofia ilidondoka."

"Mwambie kuna vitambaa duniani," MaTolo akasema, akavuta blanketi.

Lakini hakumwita mtoto. Olwethu akaweka sinia chini, akachukua pakiti ya maji, akatembea ukingoni sambamba na mama yake, hatua kwa hatua, akimtazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayesoma kitabu cha mwenzake. Phindiwe alikuwa na miaka saba ya maneno. Yote yalikwama kwenye lile chungwa. Aliweza kusema moja tu.

"Goti limefanyaje?"

"Baiskeli," mtoto akasema.

Walifika kona. Olwethu alisimama, bila shaka alikuwa amekatazwa kuivuka. Phindiwe akaendelea, gari likamfuata. Akawa amefika nguzo ya pili aliposikia sauti nyuma yake.

"Unarudi na njia hii hii?"

Kila mtu anajua marathoni ile hairudi. Inaingia uwanjani na mambo yamekwisha.

"Ndiyo!" Phindiwe akajibu.

Kwa wanaotaka habari za medali: aliingia uwanjani saa sita na dakika nne. Mwenye bunduki alikuwa ameshawageuzia mgongo wanaokuja, kama ilivyo desturi, ameshafyatua ya kufunga mbio, anakunywa soda. Baba Mpinga alimpokea kwa blanketi, Bulelwa akalia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, akataka kumkalisha chini amkande.

"Usinikalishe," Phindiwe akasema. "Nikikaa sisimami tena. Nipe kitambaa chako."

"Cha nini?"

"Cha kichwa, Bulelwa. Harakisha."

Akajifunga pale pale, namba bado imebanwa kifuani. Nje barabara ilikuwa imefunguliwa, magari yakipiga honi, hakuna wa kumpisha. Kwa njia ya mbio ilikuwa kilomita tisa kurudi kwenye lile geti. Kwa mkato wa nyuma ya shule, tatu. Alipita njia ya mkato. Alikuwa amechoka, hakuwa mjinga.