Mfumo wa Baba Odeta

Mume wangu, Jovitus Ishengoma, ni Mhaya asiyejua kujisifu. Msicheke, wapo. Nilipoolewa, kaka zangu wa Usagara walinionya: Rebeka, jiandae kusikiliza. Nikajiandaa, nikasubiri wee, hakuna kitu. Basi ngoja nimsemee mimi, maana uchungu huu siwezi kukaa nao kimya.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja binafsi, huku huku Butimba. Kompyuta zenyewe chakavu, zilizotupwa na benki, hazina hata pa kuhifadhia kitu. Watu hununua mfumo endeshi, ile programu inayoiamsha kompyuta na kuiambia ifanye nini. Yeye aliubuni wa kwake, kwa miaka, mezani petu, huku chai yake inapoa. Mfumo uliishi kwenye mashine moja tu, seva, ambayo wanafunzi waliiita Mama. Nyingine zote za chumbani ziliamka kwa kumwomba Mama kila kitu. Mwanafunzi akianza kazi yake kule dirishani, akihamia kiti cha mlangoni anaikuta palepale alipoiachia. Umeme ukikatika, ukirudi kazi ipo.

Siku moja nilimwuliza, "Baba Odeta, unatafuta nini hasa?"

"Utumike tu, Mama Odeta," akasema. "Hapa chuoni, halafu na kwenye shule zisizo na uwezo."

Ndipo ikaja habari ya wageni. Shirika moja la nje lilitaka kuuona mfumo. Likiridhika, lingeupeleka shule za kanda yote ya ziwa. Mkuu wa chuo, Mwalimu Maige, akatangaza usafi wa nguvu. Seva ilikaa ofisini kwake kwa kuogopa wezi, na katibu wake, Dorcas, akaambiwa aipambe ofisi. Akapamba! Alileta vitambaa vyake vya kufuma kutoka nyumbani, vimefuliwa, vimetiwa wanga, akaivisha seva kuanzia juu mpaka sakafuni, na maua ya plastiki juu yake. Dorcas simlaumu. Kwetu hata redio inavishwa. Kitu cha thamani hakikai uchi mbele ya wageni.

Wageni wakanywa chai, wakaacha mabegi yao mle ofisini, Mkuu akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Wakaenda chumba cha kompyuta. Mwanzoni mambo yalikwenda safi. Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliandika maneno mawili matatu, akahama kiti, akayakuta maandishi yake yanamngoja. Akapiga makofi. Halafu skrini zote zikaganda kwa pamoja.

Mume wangu alijua papo hapo kwamba seva imezidiwa na joto na imejizima. Akamnong'oneza Mkuu, "Mwalimu, naomba ufunguo wa ofisi. Ni mara moja tu."

Maige akawatabasamia wageni, akamjibu chini chini, "Mabegi ya watu yamo mle. Tulia, usitutie aibu."

Na yeye akatulia! Jamani, mtu anatulia? Mimi ningeuvunja mlango ule. Lakini kwao alilelewa hivyo, mkubwa habishiwi mbele ya wageni. Wakangoja, wakaangalia saa, wakasema pole, wakaaga.

Mlango ulipofunguliwa, seva ilikuwa inachoma mkono. Jovitus akaivua vitambaa, akavikunja vizuri, akamrudishia Dorcas. Ilipopoa akaiwasha. Chumba kizima kikaamka, na maandishi ya yule mama mgeni yapo, hayajapungua hata nukta. Wakati huo gari lao lilikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

Shirika halikukasirika. Lilituma seva mpya yenye mfumo wao, likaomba ule wa zamani ufutwe. Kwenye kikao Maige akawaambia walimu, "Tumshukuru Ishengoma, ila vitu vya kienyeji vina mwisho wake." Kienyeji! Mbona kuku wa kienyeji anamgombania? Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Labda kwingine, siyo hapa. Nina hasira mpaka leo na sitaki mtu anitulize.

Sasa nani aliitwa kuufuta? Yeye mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikamzuia, "Huendi! Waache wafute wenyewe."

Akaendelea kufunga kamba za viatu. "Hawajui kazi za wanafunzi zimekaa wapi, Mama Odeta. Watazifuta pamoja na mfumo."

Akaenda. Akahamisha kazi ya kila mwanafunzi kwenye seva mpya, moja moja, ndipo akaufuta mfumo wake. Wanafunzi waliporudi kutoka likizo wakafungua kompyuta, wakakuta kila kitu chao kipo palepale. Wakausifu sana mfumo wa wageni.