Matairi ya Rosmira Yaliyomaliza Mavuno

Rosmira Londoño alikuwa na tabia iliyowachekesha madereva wenzake wa mji mdogo wa Palmichal. Kila asubuhi, kabla hajaliingiza jipu lake kwenye foleni mbele ya kanisa, aliinama akapitisha kiganja juu ya tairi moja baada ya jingine, kama mama anayempima mtoto homa. Wenzake walikuwa wanakunywa kahawa na kubishana kuhusu mpira, yeye amechuchumaa vumbini na sketi yake ya kazi. Wacheke wanavyotaka, matairi hayo yalikuwa karibu kumnyang'anya njia yake.

Njia yenyewe ni ya kupanda La Cristalina, huko juu kwenye mashamba ya kahawa. Mumewe Evelio aliendesha jipu hilohilo jekundu tangu ujana, akiteremsha magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi, akipandisha watu, kuku, vitanda, na mara moja bibi harusi aliyekuwa analia njia nzima. Moyo ulipomsimama, watu walijua jipu litauzwa. Halikuuzwa. Siku tisa za sala zilipokwisha, mjane alishika usukani.

Aliyeudhika kuliko wote ni shemeji yake Gildardo, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa chama cha madereva, mtu mwenye sauti kubwa na mkwe asiye na kazi. Gildardo aliitaka njia ya La Cristalina kwa ajili ya huyo mkwe, wala hakujisumbua kuficha. Na matairi ya Rosmira yakampa la kusema. Evelio alimaliza misimu miwili ya mavuno kwa matairi yaleyale. Mjane wake hata mmoja haumalizi, tayari yamekuwa vipara.

"Shemeji, tatizo ni mguu wako," alimwambia mbele ya foleni nzima. "Unaona kivuli, breki. Unaona kuku, breki. Matairi gani yatavumilia mguu mwoga namna hiyo?"

Wenzake wakacheka, na Rosmira naye akacheka ili mambo yaishe. Kilichomuuma ni kwamba aliyaamini maneno ya shemeji. Akaanza kuendesha kwa kujizuia, akikata kona taratibu, akishuka miteremko kwa gia bila kugusa breki mpaka injini inalia. Matairi yakaendelea kuisha vilevile.

Msimu ule, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yameanza, moja lilimpasukia darajani, mzigo wa kahawa kavu ukiwa juu na mvua ikianza. Kahawa ililowa. Mwenye kahawa alimwambia maneno ambayo nisingependa kuyarudia hapa. Na kanuni ya chama ilijulikana: anayekwama na mzigo kwa sababu ya matairi mara mbili katika msimu mmoja, njia yake anapewa mwingine. Rosmira alibakiwa na mara moja.

Jumapili iliyofuata alikuwa anamwagilia maua. Palmichal matairi yaliyozeeka hayatupwi. Hulazwa uani, hujazwa udongo na kupandwa maua, na kila nyumba ya dereva ina bustani ya namna hiyo. Uani kwa Rosmira matairi ya Evelio yalikuwa upande wa jikoni, na yale aliyoyamaliza mwenyewe yalikuwa kando ya banda la kuku. Maji yalipoosha vumbi, akasimama na kopo mkononi. Matairi ya Evelio yalikuwa yameliwa sawasawa pande zote, na mikato ya mawe humo ndani. Yake yalikuwa yameliwa kingo zote mbili mpaka nyuzi zinaonekana, lakini katikati meno bado yapo. Lile lililopasuka, la mbele, ndilo pekee lililoliwa zaidi upande wa nje.

Akageuza ndoo, akaikalia, akafikiri. Breki haiwezi kula kingo mbili ikaacha katikati. Kinachokula kingo ni upepo mdogo: tairi linalala kwa mabega yake. Na upepo mdogo ulikuwa mila yao. Tangu enzi za baba zao, madereva wa Palmichal walipunguza upepo alfajiri ili tairi lilainike na kuushika mlima, na Evelio alimfundisha hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Wakati ule njia nzima ilikuwa tope na mawe. Mwaka mmoja baada ya kumzika, serikali iliweka lami kutoka mjini mpaka darajani, zaidi ya nusu ya safari. Lami ikaja, mila ikabaki palepale, kwa sababu kuuliza kwa nini tunapunguza upepo ni sawa na kumuuliza baba yako alikuwa na akili gani. Na juu ya lami hiyo ya moto wote walikuwa wanasaga matairi yale ya meno marefu ya tope, yenye mpira laini.

Wote, hata Gildardo. Wiki ileile Rosmira alimpelekea mama mkwe chakula cha siku ya kuzaliwa, akapita nyuma ya ghala la shemeji, akaona lundo la matairi vipara limefunikwa turubai nusunusu. Mtu mwenye shamba lake hununua mengine kimyakimya na hakuna anayejua. Angeweza kulifunua turubai lile mbele ya watu siku yoyote, na wengi tungelifunua. Yeye alipita zake na sufuria yake.

Alikwenda Armenia, mji mkubwa wa karibu, kununua matairi. Muuzaji akamtolea yenye meno marefu kuliko yote, akiyasifu kuwa ndiyo ya wanaume wa milimani. Rosmira akamjibu kwamba kwake hakuna mwanaume, kuna lami na tope. Akabinya mpira kwa ukucha, akasoma ubavuni tarehe ya kutengenezwa asije akauziwa lililozeekea dukani, akaangalia uzito linaobeba. Akachagua yenye mpira mgumu na meno mafupi yaliyobanana, ya lami na udongo pamoja. Hakutoka pale mpaka magurudumu ya mbele, yaliyokuwa yamepinda kidogo kuelekea nje, yakanyooshwa.

Foleni ilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Wakayaita viatu vya misa. Walicheka zaidi walipoona safari yake mpya: anaondoka mjini na upepo kamili, anasimama darajani kupunguza, akirudi, anasimama tena palepale na kuujaza kwa pampu ya mguu, abiria wakinung'unika juu ya magunia. Kila baada ya muda alihamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele.

Kwenye tope zito meno mafupi hayafai sana, na yeye alilijua hilo. Kwa hiyo alibeba minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, kitu ambacho Evelio alikidharau. Siku mvua ilipoharibu kilima cha mwisho, Rosmira alishuka, akaifunga minyororo huku maji yakimtiririka shingoni, akapanda polepole na mzigo wote. Nyuma yake mkwe wa Gildardo, aliyeazimwa jipu, aliteleza mtaroni. Rosmira akamvuta kwa kamba.

Siku ya sikukuu ya mji, mavuno yakiwa yamekwisha, chama kilikagua magari. Gildardo mwenyewe alichuchumaa, akaingiza kidole kati ya meno ya tairi la shemeji yake. Kidole kikazama. Akajaribu la pili, la tatu, la nne. Alipoinuka alitangaza kwamba njia ya La Cristalina ni ya Rosmira Londoño, tena kwa sauti ndogo kuliko watu walivyomzoea.

Kisha ukaja msafara wa majipu. Desturi ni kulundika mzigo nyuma mpaka magurudumu ya mbele yanainuka hewani, na jipu linazunguka uwanja kwa miguu miwili, matairi yakitoa moshi. Evelio alikuwa bingwa wa mchezo huo. Watu wakampigia kelele mjane wake ainue.

"Siinui," akasema. "Haya yana kazi Jumatatu."

Akapita yote manne chini, mgongo umenyooka. Juu ya mzigo wa ndizi alikuwa amefunga matairi ya Evelio na maua yake, na nyuma ya hayo, yale yake mwenyewe, vipara vyote, watu wavione. Wazee wakavua kofia. Najua Rosmira alilia, lakini kidevu hakikushuka.

Alipozima injini, Gildardo alikuwa anamngoja karibu na mlango, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "pale darajani huwa unapunguza upepo kiasi gani?"

Rosmira akashuka, akaufunga mlango.

"Njoo Jumatatu alfajiri," akamwambia. "Na uje na pampu yako."