Pikapu Haipandi Tupu

Pikapu yetu ilikuwa na kiu ya mlevi aliyepokea mshahara, na mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia. Mambo hayo mawili hayakai nyumba moja kwa amani. Ilikuwa miaka ya Zaïre. Pale Bukavu mazuti, yaani dizeli, uliyatafuta kwa foleni tangu alfajiri, bidoni mkononi, na mara nyingi ulirudi na bidoni ileile ikilia tupu. Mume wangu alilichukua kila tone kama jambo la heshima yake.

Gari lilikuwa kuukuu tangu tulipolipata, rangi ya buluu imebaki milangoni tu. Kila Jumamosi alivua abakosti yake, ile suti ya siku zile isiyo na tai, akavaa kaptula na kujilaza chini ya injini. Alisafisha kichungi cha hewa. Alipeleka injekta kwa fundi zipimwe. Alijaza matairi upepo hadi yakawa magumu, kwa sababu, alisema, tairi laini linakula mazuti. Barabarani alibadilisha gia mapema, mguu wake kwenye pedali kama wa mtu anayekanyaga mayai. Hayo yote yalisaidia, sikatai. Moshi mweusi ulipungua, na tukaanza kwenda Lwiro na kurudi bila bidoni ya akiba.

Angeishia hapo tungekaa vizuri. Lakini mwonja asali haonji mara moja. Akaanza kupunguza uzito. Aliondoa vyuma vya turubai, akaondoa mabenchi ya nyuma, akatupa hata mifuko ya mchanga ambayo mwenye gari wa kwanza aliiacha juu ya ekseli bila kutueleza kazi yake. Mwishowe akaanza kuondoa watu.

Hapo ndipo tulipogombana. Kwetu, gari lenye nafasi nyuma ni la kila mtu aliye njiani. Mama mwenye mzigo wa muhogo anainua mkono, unasimama, basi. Mume wangu sasa alikuwa anapita tu.

"Batu ni kilo," aliniambia. "Na kilo ni mazuti."

"Na wewe uko kilo ngapi?" nilimuuliza. "Shuka basi, miye niendeshe."

Alicheka, lakini hakusimama.

Mama yangu alikaa Nyangezi, na paji lake la uso lilikuwa na mfereji. Wanawake wa kwetu hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji, na hivyo ndivyo alivyobeba mahindi na muhogo wake miaka yote mpaka kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa mbali, halafu akabeba unga kurudi. Mume wangu hakuwahi kumwambia neno lolote. Mama alishika desturi ya zamani: mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni wala hawasemeshani. Mume wangu alitoka Maniema, kwao mambo hayo hayana ukali huo, lakini aliishika desturi yetu kuliko sisi wenyewe. Kumbe ule mfereji alikuwa ameuona. Siku moja alirudi na habari kwamba shamba moja la kahawa, lililoachwa na wenyewe, lilikuwa linauza mashine ya kusaga, imefungwa kabisa juu ya remorki yake, tela la magurudumu mawili.

"Itakuwa ya mama," alisema.

Nilimpenda sana siku ile, na nilimwambia.

Tukaondoka Bukavu tukiivuta remorki. Kule Nyangezi ndugu zangu walikuwa wametayarisha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, maana mashine haiingii kijijini kwa watu kimyakimya. Mvua ilitukuta njiani. Tuliwapita wanawake waliotoka sokoni, wamejifunika majani ya migomba. Wakainua mikono. Mume wangu akakaza macho mbele, tairi likawarushia tope, na mimi nikanuna. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke, sikumtambua hata mmoja.

Mlima wa mwisho kabla ya kwa mama ni udongo mwekundu mtupu. Tulifika nusu yake, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, na remorki ikatuvuta kurudi nyuma, kuelekea korongoni. Nilishuka mbio nikatia mawe chini ya matairi. Mashine ingeanguka kule, mama angebeba unga mpaka kaburini.

Mume wangu naye alishuka. Aliangalia nyuma ya pikapu, pale patupu alipopasafisha mwenyewe, kwa muda mrefu.

"Haina uzito nyuma," alisema taratibu. "Haiwezi kushika udongo. Tunahitaji batu."

"Kilo," nikasema.

"Eee. Kilo."

Wanawake wakatufikia wakitembea, wamelowa, tope mpaka kiunoni. Aliyetangulia akainua jani lake la mgomba, na alikuwa mama yangu.

Mume wangu alitamani ardhi ipasuke immeze. Aligeuza uso kuelekea mlimani, kama desturi inavyotaka, akasema na mimi, ingawa mama alikuwa karibu kiasi cha kumgusa mkono.

"Umuambie mama anisamehe. Sikumuona."

Mama akanijibu mimi. "Umuambie bwana yako, miye nilimuona. Nikasema, labda iko na haraka."

Mwanamke mmoja alificha kicheko ndani ya kikohozi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mume wangu akaendelea.

"Umuambie mama, naomba bapande nyuma. Bote, na mizigo yao."

"Umuulize sitwayeni kama mazuti itatosha," alisema mama, akimwita kwa lile neno la serikali, "raia".

"Umuambie itatosha," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Wakapanda na muhogo wao. Mama alipanda wa mwisho, akakaa akiipa kabini mgongo, kitenge kichwani, wasije wakaonana hata kwa kioo. Mume wangu akapunguza upepo kwenye matairi, akatia gia ya kwanza. Gari likashika udongo, likapanda mpaka uani kwa mama.

Tangu siku ile mabenchi yalirudi, na hakumpita mtu tena. Mazuti yakaliwa kama zamani, na yeye akapanga foleni bila kulalamika. Ninazikumbuka safari zile kwa uchungu mtamu: harufu ya muhogo uliolowekwa ikiingia kwenye kabini, na wanawake nyuma wakimsengenya kwa sauti ili asikie.

Aliugua Zaïre ikiwa inaelekea mwisho wake. Nilimuuliza kama tumrudishe kwao.

"Kwetu iko mbali," alisema. "Mutamaliza mazuti. Munipeleke Nyangezi, kwa mama."

Alikuwa akitabasamu, nami nikashindwa kujua kama nicheke au nilie. Nilifanya yote mawili.

Siku ya kumzika mvua ilinyesha. Mdogo wangu aliendesha pikapu ileile; mimi na mama tulikaa nyuma pamoja na jeneza. Chini ya mlima wanawake walikuwa wamesimama wakitungoja. Hakuna aliyeinua mkono. Mdogo wangu akasimamisha gari, wakapanda mmoja mmoja, wakakaa wakilizunguka jeneza.

Mama akaondoa kitenge kichwani. Akaweka mkono juu ya ubao, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema naye, si na mimi.

"Mukwe wangu," alimwambia, "tuko bote huku nyuma. Itapanda."

Na ikapanda.