Mboga Nilizoambiwa Nile

Watu wa kanisa letu hunisifu kwa uvumilivu. Wasinisifu sana. Iko hasira moja niliyoanza kuibeba mwishoni mwa miaka ya themanini, na nikiikumbuka hata leo, mzee mzima wa wajukuu, naanza kusaga meno.

Wakati huo nilikuwa katekista hapa Kanduyi, na siku zisizo za mafundisho nilifanya useremala. Nilipata ngiri. Ilianza kama uvimbe mdogo kwenye kinena, ukitoka nikiinua ubao na kurudi nikilala. Kufikia mavuno ulikuwa umekaa kabisa, na sikuweza kusimama Misa nzima bila kuegemea ukuta. Nikapanda basi hadi Kitale, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nikaonana na daktari kijana aliyetoka mbali na kwetu.

Alinipima juu ya mizani, akaniminya tumbo, akatikisa kichwa.

"Mzee, kwa kitambi hiki sikupasui. Mafuta ni mengi, mshono utafumuka. Punguza kilo kumi kwanza."

"Na nikikaa hivi?"

"Utumbo ukibanwa hapo, una siku moja, labda mbili. Kwa hivyo usikae."

Nilikuwa na watoto sita, wa mwisho bado akinyonya. Nikamwomba anieleze nifanye nini, naye akanieleza kwa haraka, macho kwenye mlango, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu: ugali kipande kidogo, nyama mara moja kwa juma, mboga kwa wingi, na kutembea saa nzima kila siku. Nirudi kila mwezi apime.

Nilitii. Naandika neno hilo peke yake kwa sababu hakuna aliyeniamini wakati ule. Mimi nimefundishwa kutii tangu nikiwa mtoto wa ubatizo, na kufunga nakujua, Kwaresima hazinisumbui. Nyumbani nilimwambia mke wangu, "Mama watoto, kuanzia leo ni mboga. Ugali nikatie kama wa mtoto." Akanitazama kwa huzuni, lakini akafanya.

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilijifunga kitambaa kipana kuzuia uvimbe nikatembea polepole kuelekea Kibabii, halafu nikarudi. Wakati ule mtu mzima hakutembea bure barabarani. Ukitembea, ulikuwa na mahali pa kwenda, au ulikuwa umefilisika.

"Mwalimu, baisikeli umeuza?" aliniuliza mama wa kuuza ndizi kando ya barabara.

"Sijauza. Natembea tu."

"Unatembea tu? Unaenda wapi?"

"Siendi mahali. Nitafika pale mbele nirudi."

Akawageukia wenzake. "Ati anaenda kurudi! Bana, huyu katekista mmwombee."

Nilivumilia. Mwezi ulipokwisha nikarudi Kitale nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake. Nikapanda kwenye mizani, daktari akasukuma kile chuma cha juu, akakisukuma tena. Nilikuwa nimeongezeka kilo mbili.

"Mzee, umekula nini?"

"Mboga, daktari. Kama ulivyosema."

"Na ugali?"

"Kipande kidogo."

Alicheka kidogo kwa pua, akaandika, akaniambia nijitahidi. Nikadhani ni mizani. Nikaongeza mwendo. Nyama nikaacha kabisa, hata ile ya mara moja kwa juma. Nilikuwa naona njaa mchana, nikala mboga bakuli mbili, kwa sababu mboga niliruhusiwa kwa wingi. Mwezi wa pili nilikuwa nimeongeza kilo nyingine tatu.

Safari hii daktari hakucheka. Alisimama mlangoni, na foleni yote nje ikimsikia, wakiwemo mama wawili wa jumuiya yetu waliokuwa wameleta mgonjwa wao.

"Mzee, mimi si mtoto. Hewa hainenepeshi mtu. Unakula kwa siri halafu unakuja hapa kunidanganya. Nenda, ukichoka kudanganya, rudi."

Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa mama wale amri ya kutosema uongo. Wakainamisha macho. Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi, na ninakiri kwamba sikusali. Nilikuwa nahesabu siku ambazo zingenibakia kama utumbo ungebanwa, na mtu pekee wa kunisaidia alikuwa ameniita mwongo na kunifukuza.

Nilifika nyumbani jioni na hasira ile, na kwa aibu yangu sikuimwaga pale ilipostahili. Niliimwaga jikoni.

"Unaniwekea nini kwenye chakula?"

Mke wangu alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. "Naweka mboga. Si ulitaka mboga?"

"Kuna kitu unaweka! Nimekonda roho, mwili unafura. Unataka nife?"

Akaweka mwiko chini. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimewahi kumwona na uso ule.

"Baba, mimi nikutilie sumu? Mimi ninayekaa siku mbili motoni kwa sababu ya mboga zako? Basi mwezi ujao sikuachi uende peke yako. Tutaenda nazo, huyo daktari wako azione."

Akafanya hivyo kweli. Alipika kama kawaida yake na kama kawaida ya mama yake: majani ya saga na mrenda, pamoja na munyu wa majivu ili zilainike, siku ya kwanza maziwa, yakikauka maziwa tena, siku ya pili malai, ule utando wa mafuta aliouengua kwa siku kadhaa kwenye maziwa ya ng'ombe wetu wawili wa gredi, na mwisho karanga za kusagwa. Akafunga sufuria kwa leso, akaipakata kutoka Kanduyi hadi Kitale.

Daktari alipotuona alianza, "Mzee, tena..." Mke wangu akaweka sufuria juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, akafungua.

"Hizi ndizo mboga zake. Onja. Kama kuna sumu, tufe wote."

Daktari akainama. Mafuta yalikuwa yameganda juu, ya manjano, unene wa kidole.

"Mama, hii ni nini?"

"Mboga."

"Hii ni mboga?"

"Kwani kwenu mboga ni nini?"

"Majani, mama! Sukuma wiki, kabichi, unachemsha na maji na chumvi."

"Na maji?" Mke wangu aliniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, kana kwamba ananihurumia. "Hizo si ni za jela? Mimi nimpe baba wa watoto wangu majani ya maji, watu waseme nini?"

Yule kijana akaangua kicheko. Alicheka mpaka akaketi. Akamwita muuguzi aje aone, akachukua kijiko akaonja, akaonja tena, na kusema kwamba sasa anaelewa mambo yote. Muuguzi naye akacheka. Mke wangu pia, Mungu amrehemu, mwishowe alicheka.

Mimi sikucheka. Nilingoja aseme, "Mzee, nilikukosea." Hakusema. Aliifuta tu meza yake, akatuambia tuchemshe na maji, akaita anayefuata.

Kwenye basi nilimwomba mke wangu msamaha. Akaikaza leso juu ya sufuria, akasema, "Hukuwa wewe. Ilikuwa hofu. Lakini usirudie."

Nilikula majani ya maji kwa miezi minne. Yalikuwa mabaya kama mke wangu alivyotabiri. Kilo zikaanguka, kwanza polepole, halafu kwa kasi, na utumbo, kwa neema ya Mungu, haukubanwa. Siku niliyofikia kipimo, daktari alinipiga begani.

"Vizuri, mzee. Siku hizi umetii."

"Nilitii tangu siku ya kwanza," nikamwambia. "Wewe ndiye hukuuliza zinapikwaje."

Akaivuta fomu ya upasuaji, akatia sahihi.

Kesho yake walinilaza kwenye meza ile baridi. Yeye alikuwa anavaa glavu, amenipa mgongo. Nilikuwa na muda mfupi kabla ya dawa ya usingizi, nikaomba mambo mawili: mkono wake uwe imara, na hasira hii niliyo nayo juu yake iondoke kwangu.

La kwanza nilipewa siku hiyo hiyo.